Kibubu cha mbao: kinafundisha mkono vizuri, kinatunza fedha vibaya

Kibubu kinauzwa kama chombo cha kutunzia fedha. Kwa kazi hiyo tunakipa alama ndogo. Alama kubwa tunakipa kwa kazi nyingine ambayo wauzaji wengi hawaisemi: kuuzoesha mkono kutoa kitu kidogo kila siku, saa ile ile, bila kubishana na nafsi. Ukikinunua kwa kazi hiyo, ukakifungua kila baada ya miezi mitatu na kupeleka fedha mahali penye usalama, kitakusaidia sana. Ukikigeuza benki ya miaka mitatu, kuna siku utakutana na mchwa, unyevu, mwizi au tangazo la Benki Kuu.

Sokoni zipo aina nne. Cha udongo ndicho cha jadi: tundu moja, hakina mlango, na fedha hazitoki mpaka ukipasue. Kinamlinda mwenyewe dhidi ya tamaa yake, ila kikianguka kimekwisha, na kila raundi lazima ununue kingine. Cha bati kinazuia mchwa na panya, lakini sarafu ikitumbukia nyumba nzima inasikia, na maeneo ya pwani kinashika kutu upesi. Cha plastiki, kile chenye kizibo cha mpira chini, kiachwe kwa watoto. Kizibo kinang'oka kwa kidole. Cha mbao ndicho tunachokishauri, kwa sababu seremala yeyote anaweza kukitengeneza kwa vipimo utakavyompa, na kwa sababu makosa yake unaweza kuyaona kwa macho kabla hujalipa.

Anza na mbao yenyewe. Vibubu vingi vinavyopendeza kwenye picha ni vya MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Inapakwa rangi vizuri na inachongeka vizuri, lakini ikinywa maji inavimba pembeni na misumari inalegea. Plaiwudi ya milimita 9, au mbao ya msonobari iliyopigwa randa, inadumu zaidi. Bonyeza upande mpana kwa dole gumba: ukibonyea, huo ni ubao mwembamba, na siku ya dhiki utafunguka kwa mikono mitupu. Ukubwa usikudanganye. Sanduku la sentimita 15 kwa 10 kwa 10 linabeba noti moja kwa siku, iliyokunjwa mara mbili, kwa siku 90 bila kubana. Kubwa kuliko hapo ni kukaribisha fedha zikae muda mrefu kuliko inavyofaa.

Tundu ndipo vibubu vingi vinapoharibika. Likiwa pana, noti inachomolewa kwa kibanio au kwa ubapa wa kisu. Upana wa milimita 4 hadi 5 unatosha kwa noti iliyokunjwa na kwa sarafu. Kipimo cha dukani ni hiki: kunja noti ya shilingi 1,000 mara mbili, itumbukize, geuza kibubu juu chini, kitikise mara kumi. Noti ikichungulia, rudisha kibubu. Vilivyo bora vina kipande cha ubao kilichopigiliwa kwa mshazari chini ya tundu, kiasi kwamba noti inateleza kuingia lakini haioni njia ya kurudi. Kama fundi hajaweka, mwombe aweke. Ni kipande cha ubao chakavu na misumari miwili.

Halafu mlango. Kibubu cha kufuli kinaonekana salama kuliko cha misumari, na mara nyingi sivyo. Bawaba zikiwa zimefungwa kwa skrubu upande wa nje, kufuli halina maana: skrubu nne zinafunguliwa kwa ncha ya kisu na zinarudishwa bila kuacha alama. Bawaba ziwe ndani. Na ufunguo usikae nyumba moja na kibubu. Mpe mama, shangazi, au mtu wa mtaa wa pili ambaye kumfuata usiku kwa ajili ya kuomba ufunguo kutakutia aibu. Kama huna mtu wa namna hiyo, chukua cha misumari, vichwa vya misumari vizamishwe na kuzibwa kwa unga wa mbao na gundi. Hicho kikifunguliwa lazima kiache kovu, na hilo kovu ndilo mlinzi wako.

Sasa tufike kwenye vibubu vyenye ubao wa namba usoni, ambavyo vimeenea sana. Una lengo, tuseme shilingi 1,000,000, na usoni kuna vyumba vidogo vyenye kiasi mbalimbali. Ukiweka kiasi fulani, unakifuta. Wazo ni zuri, maana jicho linaona kazi inakwenda. Lakini mpangilio wake una mtego, na hapa ndipo watu wengi wanapokwamia. Chukua ubao wenye vyumba 210: 50 vya shilingi 1,000, 50 vya 2,000, 50 vya 5,000 na 60 vya 10,000. Jumla ni milioni moja kamili. Mtu huanza na vidogo, kwa kuwa ni rahisi. Baada ya kufuta vyumba 100 anaona karibu nusu ya ubao imekwisha, na moyo unafurahi. Ndani ya sanduku kuna shilingi 150,000 tu. Zimebaki 850,000, na hakuna tena chumba kidogo: kila jioni anayesimama mbele ya kibubu anaulizwa elfu tano au elfu kumi. Siku mbaya ya kwanza anapita bila kuweka. Ya pili vilevile. Ikifika ya tatu kibubu kimegeuka pambo la kabati.

Ukishakinunua hicho, dawa ipo. Hesabu vyumba vidogo na uvigawe kwa siku mbaya unazotarajia. Mwenye siku nane mbaya kwa mwezi, kwa miezi sita anahitaji vyumba vidogo 48. Basi hivyo havigusi siku nzuri hata kidogo. Siku ya mauzo mazuri futa cha 10,000 kwanza. Hata hivyo, kwa anayeanza kabisa tunashauri kibubu kisicho na namba: kiasi kimoja, kila siku. Ubao wa namba unamtaka mtu aamue upya kila jioni, na mazoea yanajengeka pale ambapo uamuzi umekwisha kufanywa mara moja.

Kiasi hicho kimoja kipatikane vipi? Usikipime kwa siku yako ya kawaida, kipime kwa siku mbaya. Andika kipato cha siku 14 baada ya kutoa gharama za kazi. Dereva wa bodaboda atoe mafuta na hesabu ya bosi, mama ntilie atoe mtaji wa kesho. Tafuta siku iliyokuwa chini kuliko zote, chukua sehemu yake ya kumi. Kama siku hiyo ilibaki 10,000, kiwango chako ni 1,000. Kwa mwaka ni 365,000. Ni kidogo, ndiyo, lakini kinawezekana hata siku ya mvua, na ndiyo sababu kitafika Desemba. Aliyeanza na 5,000 kwa ari ya Januari kwa kawaida hana kitu Machi. Baada ya siku 90 bila kuyumba, pandisha. Anayeweza 3,000 kwa siku anafikisha 1,095,000 kwa mwaka, na hapo mlango mwingine unafunguka, kwa sababu hatifungani za Serikali ya Tanzania, yaani mkopo unaoipa Serikali nayo inakulipa riba, zinanunuliwa kuanzia shilingi 1,000,000.

Saa ina uzito kuliko kiasi. Usiseme "usiku" tu. Ifunge na jambo ambalo tayari unalifanya bila kukumbushwa: ukishafunga duka na kuhesabu mauzo, ukishaegesha pikipiki, ukishachomeka simu kwenye chaji. Noti itengwe kabla ya kununua vitu vya nyumbani. Ikingoja kinachobaki, hakuna kitakachobaki. Wafanyabiashara wenye chenji nyingi wana njia nzuri zaidi: noti ya kwanza ya asubuhi ya thamani iliyopangwa inakunjwa hapo hapo na kuingia mfuko wa peke yake. Jioni haijadiliwi, inatumbukizwa.

Kuhusu siku zilizorukwa, kanuni yetu ni kali kidogo: usilipe deni. Ukikosa siku nne ukajidai 4,000 siku ya tano, kibubu kinageuka mkopeshaji, na mkopeshaji hukimbiwa. Zilizopita zimepita, leo weka 1,000. Siku isiyo na kipato kabisa weka sarafu ya shilingi 100, ili mkono usipoteze saa yake. Karatasi nyuma ya mlango yenye tarehe na alama ya tiki inatosha kwa kumbukumbu. Usiandike jumla ya fedha juu yake, kwani wageni nao wanajua kusoma.

Jambo moja ambalo maduka hayalisemi: vibubu vingi havivunjwi kwa anasa. Vinavunjwa kwa homa ya mtoto, msiba, au ada iliyochelewa. Kwa hiyo kibubu kisinunuliwe peke yake. Weka kando kopo la kawaida, lenye kifuniko kinachofunguka, na ulijaze kwanza mpaka shilingi 20,000 au 30,000 kabla ya kuanza kibubu. Homa ikija inaishia kwenye kopo. Likitumika, rudi kulijaza kwa wiki moja au mbili, kisha endelea na kibubu.

Mahali pa kukiweka pana mvutano wa kweli. Mazoea yanataka kibubu kiwe karibu na unapotua mizigo. Usalama unataka kifichwe. Uvunguni mwa kitanda ni pabaya kwa yote mawili: mwizi anaanzia huko, na mchwa wanapanda kutoka sakafuni. Ndani ya kabati, kwenye usawa wa kifua, kikiwa kimefungwa kwenye ubao wa kabati kwa skrubu mbili kutokea ndani kabla hakijapigiliwa mlango, ndipo pazuri. Acha nafasi ya vidole viwili kati yake na ukuta, hasa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar, ambako ukuta wa masika unatoa jasho.

Wahenga walisema akiba haiozi. Noti zinaoza. Unyevu unazigandisha, ukungu unaziandama, na mchwa hawachagui kati ya ubao na karatasi. Hata zikibaki nzima, zinaweza kupitwa na wakati. Kenya iliziondoa noti za zamani za shilingi 1,000, na mwisho wa kuzitumia ukawa 30 Septemba 2019. Benki Kuu ya Tanzania nayo ilitoa muda wa 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 kubadilisha noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya toleo la 2010. Mwenye kibubu cha miaka mingi kilichopigiliwa misumari lazima akivunje akakague. Mwenye kukifungua kila miezi mitatu hana habari na tangazo kama hilo.

Je, simu si bora? Kwa kutunza, ndiyo. Huduma kama M-Shwari ya Kenya, iliyoanza Novemba 2012, na M-Pawa ya Vodacom Tanzania, iliyoanza 2014, hazina mchwa na zinatoa riba. Tatizo ni kwamba fedha iliyo kwenye simu inatoka kwa kubonyeza mara chache, ukiwa kitandani, saa sita za usiku. Kibubu cha misumari kinataka nyundo, na nyundo inatoa sauti. Kwa kufundisha mkono, nyundo inashinda. Kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa, kina nguvu nyingine ambayo kibubu hakina kabisa, yaani watu wanaokusubiri Jumapili. Mchanganyiko tunaoupenda ni kibubu cha kila siku kulisha hisa za kikoba: mwenye wajibu wa 7,000 kwa wiki haumii akiweka 1,000 kila jioni. Ila hapo tumia cha kufuli, maana utakifungua kila wiki.

Mwajiriwa wa mshahara wa mwezi asinunue kibubu. Kipato chake hakiji kila siku, na agizo la kudumu benki, linalokata tarehe ile ile mshahara unapoingia, litamfaa zaidi. Vilevile anayekaa geto la watu watatu wenye ufunguo mmoja. Huko kibubu ni chanzo cha ugomvi.

Siku ya kufungua ipangwe mapema, iandikwe kwenye ile karatasi ya mlangoni, na iwe siku ambayo benki au wakala amefungua. Fungua asubuhi, mbele ya mtu mmoja unayemwamini. Nyoosha noti, zipange kumi kumi kwa thamani yake, sarafu zihesabiwe mwisho. Jumla ilinganishwe na tiki: siku 90 za 1,000 zikitoa 81,000, tafuta 9,000 zimekwenda wapi kabla ya kulaumu watoto, kwa kuwa mara nyingi ni noti zilizokwama juu ya kile kipande cha mshazari. Fedha zote zitoke nyumbani siku hiyo hiyo, ziende akaunti ya akiba, hisa za kikoba au vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS. Zikilala, zitapata matumizi. Na kibubu kikiwa bado kitupu, kabla ya msumari wa kwanza kurudishwa, jioni hiyo saa yako ikifika, tumbukiza noti ya kwanza ya raundi mpya.