TAHADHARI: Meseji za "deni la barabara" kwa wanaozunguka Ufaransa na motohomu

Wenye safari ya motohomu (gari lenye vitanda na jiko ndani) huko Ufaransa, someni hapa kabla hamjagusa linki yoyote. Kuna meseji zinazunguka, za Kifaransa au Kiingereza cha kuungaunga: umepita barabara ya kulipia bila kulipa, unadaiwa euro chache, lipa leo usije ukapigwa faini. Ni utapeli. Na unawanasa watu wa motohomu kirahisi kwa sababu mara nyingi ni kweli hawajalipa.

Barabara kuu kadhaa huko sasa hazina kizuizi wala kibanda cha kulipia. A79 kati ya Montmarault na Digoin, kilomita 88 zinazokatiza malisho ya Allier, iko hivyo tangu Novemba 2022. A14 na A13 ya kwenda Normandie zikafuata 2024. Juu ya lami kuna fremu ya chuma yenye kamera. Inasoma pleti namba, inapima kimo cha gari, yamekwisha. Una saa 72 za kulipa mwenyewe. Mgeni asiyejua "flux libre" kwenye kibao maana yake nini (barabara ya kulipia isiyo na kizuizi) hupita akidhani ni bure, na meseji ikimkuta kesho yake, inamkuta na wasiwasi tayari.

Shikeni hili moja: kamera inasoma namba ya gari, haisomi namba ya simu. Kampuni ya barabara haiwezi kukutumia meseji kama hukujisajili kwao na kuwapa namba yako. Usipolipa, barua huenda kwa posta kwa mwenye gari aliyeandikwa kwenye kadi ya gari. Tapeli naye hajui kama ulipita popote. Anarusha maelfu ya meseji, mmoja wenu lazima awe ametoka Normandie jana.

Hata ukiwa umejisajili, usifuate linki. Andika anwani mwenyewe: kwa A13 na A14 ni sanef.com, kwa A79 ni aliae.com. Unaingiza pleti namba, unaona ulipopita na kiasi. Safari haionekani papo hapo, kwa hiyo usipoikuta jaribu tena kabla saa 72 hazijaisha. Anwani bandia huwa na jina lilelile lililoongezewa kistari na maneno kama "paiement" (malipo) au "amende" (faini). Asiyetaka kulipa mtandaoni aende kwenye duka la tumbaku lenye huduma ya Nirio, alipe kwa pesa taslimu. Na mwenye kifaa cha télépéage (cha kulipia barabara kielektroniki) kwenye kioo hana la kufanya, fremu inakisoma.

Angalieni pia kiasi. Motohomu yenye kimo cha zaidi ya mita 2 lakini chini ya 3, na uzito ulioidhinishwa usiozidi tani 3.5, ni daraja la 2 la tozo. Ikifika kimo cha mita 3 au ikizidi uzito huo, na ina ekseli mbili, ni daraja la 3. Meseji ya kitapeli haitaji daraja la gari, mahali wala saa, kwa sababu hawajui. Mara nyingine hata barabara yenyewe ni ya bure: mkoa wa Bretagne wote hauna barabara kuu ya kulipia, A84 kutoka Caen hadi Rennes haitozwi, na A75 hutozwa kwenye daraja la kuvukia bonde huko Millau tu.

Hizo euro chache si lengo lao. Wanataka namba za kadi, na hatari yenyewe ni simu ya pili. Siku chache baadaye anapiga "mtu wa benki", anajua jina lako na namba za kadi (ulizijaza mwenyewe!), anasema kuna wizi unaendelea, uidhinishe ujumbe kwenye programu ya benki ili kuufuta. Ukiidhinisha, umelipa. Kata simu, piga namba iliyo nyuma ya kadi, uifunge kadi.

Ndugu yake meseji hii ni ile ya kibandiko cha Crit'Air (kinachoonyesha kiwango cha uchafuzi wa gari) "kilichoisha muda". Hakiishi muda, ni cha gari hilo maisha yake yote. Kinapatikana certificat-air.gouv.fr kwa euro chache tu pamoja na posta. Anayekutoza mara kadhaa ya hapo ni dalali au mwizi.

Meseji yenyewe isambazeni kwenda 33700 mkiwa na laini ya Kifaransa, kisha futeni.

Waliokodi gari: lipeni kabla ya kulirudisha na mhifadhi risiti. Barua ya deni la kweli huenda kwa mwenye gari, naye atawakata deni hilo pamoja na ada yake ya usumbufu.