Makumbusho ya Jeshi ya Lewis: nendeni, ila bebeni pasipoti

Ukiishi Kent au Tacoma, hapa jimbo la Washington, foleni ya barabara kuu ya I-5 pale kambi ya jeshi ya Joint Base Lewis-McChord unaijua vizuri. Basi siku moja usipite tu, shika njia ya kutokea namba 120 uingie. Kambi si mahali pa kuzurura, lakini makumbusho yake yanafaa kabisa kwa mchana wa wikendi, na kiingilio ni bure.

Mimi niliingizwa na mdogo wangu, askari wa hapo hapo. Asiye na kitambulisho cha jeshi apitie kwanza ofisi ya wageni achukue pasi, na ile leseni ya kawaida ya jimbo letu haikubaliki. Pasipoti, jamani. Msije mkasema sikuwaambia.

Kilichonivutia kwanza ni jengo. Jeshi la Wokovu (Salvation Army) walilijenga baada tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, liwe nyumba ya wageni kwa jamaa waliokuja kuwaona vijana wao kambini. La mbao, refu, paa limeteremka kama nyumba za milimani kule Uswisi. Ndani niliganda mbele ya koti moja la sufu nzito, begani limeshonwa msunobari wa kijani. Hiyo ni alama ya Divisheni ya 91, vijana waliofunzwa hapa 1917 na mwaka uliofuata wakawa vitani Ufaransa. Koti lenyewe dogo! Mwenye nalo hakunizidi umbo, nami si mkubwa.

Uani kuna vifaru na mizinga, na watoto hapo ndipo watakapoganda. Mdogo wangu naye hana habari na vya kale, yeye ni Stryker tu, yale magari ya magurudumu manane. "Dada, matatu yanaingia kwenye ndege moja ya mizigo ya C-17," akaniambia, kidole kinaonyesha upande wa McChord ziliko ndege. Hapo ndipo nilipoelewa faida ya jeshi la nchi kavu kukaa ua mmoja na jeshi la anga. Gari linatoka gereji hadi tumboni mwa ndege bila hata kugusa barabara kuu. Waliunganishwa 2010, lakini ukiwasikiliza askari wenyewe, bado mtu ni wa Lewis au wa McChord.

Kabla hamjaenda, lijueni na hili. Mwaka 1917 wananchi wa kaunti ya Pierce walipiga kura wakope dola milioni 2, wanunue ardhi waipe serikali iwe kambi. Wanisqually, wenyeji asilia wa hapo, hawakuwa na zawadi ya kutoa. Walinyang'anywa kama ekari 3,300, theluthi mbili hivi ya eneo walilotengewa. Mtu wa Pwani habari za ardhi haelezwi mara mbili, kwa hiyo nilizunguka kule nikiwa nalo moyoni.

Mkitoka na njaa, pitieni South Tacoma Way pale Lakewood. Migahawa ya Kikorea imejaa, na si ajabu, maana askari wengi waliotumikia Korea walirudi na wake zao. Agizeni mbavu za kuchoma. Vile visahani vya kabeji ya pilipili na mchicha vinakuja bure, na vikiisha wanaongeza.