Boksi la "hakuna matangazo" na muuzaji aliyeniuliza nina siri gani

"Kwani wewe una siri gani? Si unaangalia taarabu tu?"

Nilijibiwa hivyo dukani, wateja wengine wakisikia, kwa kosa la kuuliza kwa nini boksi la TV nililouziwa kwa maneno "hakuna matangazo, hakuna kujisajili, washa uangalie" sasa linadai akaunti ya Google kabla ya kucheza video hata moja. Duka sitalitaja. Liko Kariakoo, na mwenye kuzijua zile frem za vifaa vya umeme anajua boksi hilohilo liko pia frem ya tano kutoka pale, kwa jina lingine na stika nyingine. Sifa zake zimeandikwa kwenye kasha, kazisome mwenyewe, ila usiziamini.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Boksi linakuja na SmartTube ndani, programu ya bure ya kuangalia YouTube kwenye TV za Android. Programu yenyewe ni nzuri, nasema kwa moyo mweupe: haina matangazo, haikulazimishi kuingia na akaunti, na ukiwasha SponsorBlock inaruka yenyewe pale mwenye chaneli anapoanza kunadi bidhaa za mdhamini wake katikati ya video. Kwenye Play Store huipati, na sababu unaijua. Mwanzoni mambo yalikwenda. Jioni moja duara likaanza kuzunguka, likazunguka weee, halafu ukaja ujumbe: ingia ili kuthibitisha kuwa wewe si roboti.

Hakuna uchawi hapo. YouTube hubadilisha mara kwa mara namna inavyotoa video zake, na programu yoyote inayochota video bila kupita mlango wa mbele inabidi ifuate mabadiliko hayo, wakati mwingine ndani ya siku chache. Toleo likichakaa linabisha hodi kwa namna ya zamani, halifunguliwi. Dawa ni kusasisha. Nikabonyeza sasisha, faili likashuka mpaka asilimia mia, kisha: "Programu haijasakinishwa." Nikarudia. Yaleyale.

Kila programu ya Android hutiwa saini ya kidijitali na aliyeitengeneza, na Android haikubali toleo jipya likae juu ya la zamani kama saini hazilingani. Nikitaka kuifuta ile ya zamani niweke upya, kitufe cha kufuta hakipo, maana imezikwa ndani ya mfumo wenyewe wa boksi. Ndiyo nikarudi dukani, ndiyo nikaulizwa siri. Tiba aliyonipa muuzaji: elfu kumi na tano "ya kuflashi," yaani kuufuta mfumo wa boksi na kuuweka upya.

Hapa lazima nimtendee haki yule bwana, japo kwa shingo upande. Nilitoka pale nikiwa tayari kuandika kwamba ameichakachua programu. Inawezekana. Lakini mwishoni mwa 2025 ufunguo wa saini wa mtengenezaji wa SmartTube uliingia mikononi mwa wasiohusika, kukatoka toleo lenye kitu kisichotakiwa ndani yake, Play Protect, mlinzi wa Google anayekagua programu za Android, ikaanza kuizima kwenye TV za watu, na mtengenezaji akautupa ufunguo ule akaanza na mwingine. Kwa hiyo saini mbili kutofautiana peke yake haitoshi kumwita mtu mwizi. Inatosha tu kumwita mvivu, maana njia ya kutokea ipo na haigharimu hata senti.

SmartTube hutoka kwa namna mbili, ya kawaida na ya majaribio, na kwa ndani zina majina tofauti, hivyo Android inazihesabu kuwa programu mbili. Ikigoma moja, weka nyingine kando yake. Shusha Downloader, programu ya kushushia mafaili, ile ya rangi ya chungwa, nenda kwenye setingi za usalama uiruhusu kuweka programu kutoka nje, kisha andika anwani ya ukurasa wa SmartTube wa GitHub, tovuti ambako watengenezaji huweka programu zao. Usiandike anwani nyingine yoyote, hata ile anayokutumia rafiki kwa WhatsApp. Utakuta mafaili kadhaa: chukua lenye armeabi-v7a, yaani la biti 32. Wengi wanakosea hapa. Maboksi mengi ya bei ya chini yana chipu ya biti 64 ila Android iliyomo ni ya biti 32, na ukiweka faili la arm64, la biti 64, unarudishiwa "haijasakinishwa" ileile, unabaki unalaumu saini bure. Dakika tano, video zikarudi, bila akaunti na bila tangazo.

Basi nyota tatu kati ya tano? Nilishakubali tatu. Halafu bando likanifumbua macho.

Ukitaka kumpima mnyama wa namna hii, chukua simu moja, washa hotspoti, unganisha boksi peke yake. Usifungue chochote, liache kwenye ukurasa wa mwanzo usiku kucha, na asubuhi soma kwenye setingi za simu hotspoti imekula kiasi gani. Kifaa kilichotulia hula MB chache za kuulizia saa na masasisho. Hili lilikula zaidi ya GB moja, na hakuna aliyegusa rimoti. Nikarudia usiku wa pili boksi likiwa limechomolewa: sifuri.

Kipimo cha pili ni kikali zaidi. Weka Termux, programu ya kuandikia amri, kwenye simu, andika pkg install android-tools, kisha adb connect, ikifuatiwa na anwani ya boksi na :5555. Mlango ule, wa adb, ni wa mafundi kuingilia ndani ya kifaa. Kwenye Android iliyo sawa unakuwa umefungwa, na hata ukifunguliwa, TV inauliza kwanza kama unamruhusu anayeingia. Hili halikuuliza. Likajibu "connected" papo hapo, na nilipoandika adb shell mstari ukaishia na alama ya #, siyo $. Maana yake aliyeingia ana mamlaka yote: anaweka anachotaka, anafuta anachotaka. Yeyote aliye kwenye Wi-Fi ile, hata mtoto wa jirani uliyempa nywila aangalie matokeo ya mpira.

Mambo haya hayakuanza Kariakoo. Januari 2023 Daniel Milisic, mtaalamu wa usalama wa mifumo, alieleza hadharani jinsi boksi la T95 alilolinunua lilivyokuja na programu hasidi ndani ya mfumo, na mlango huohuo wa adb ukiwa wazi. Desemba 2024 ofisi ya usalama wa mitandao ya Ujerumani, BSI, ilikata mawasiliano ya vifaa kama 30,000 vilivyokuwa na virusi vya BADBOX tangu kiwandani. Juni 2025 FBI nayo ikawaonya Wamarekani kuhusu maboksi ya aina hii. Kazi mojawapo ya virusi hivyo ni kukodisha laini yako ya intaneti: mtu usiyemjua anapita kwenye bando lako kufanya yake, na anwani inayoonekana kule mbele ni ya kwako. Siapi kwamba langu lina BADBOX. Ila nikiulizwa leo nina siri gani, nitamwambia taarabu yangu atangazie mtaa mzima akitaka. Ninachoulizia ni nani huyo anayetembea na jina langu usiku nikiwa nimelala.

Wataalamu wa vijiweni watakwambia uweke DNS (kitabu cha anwani za intaneti) ya AdGuard inayokataa seva za matangazo, 94.140.14.14, yaishe. Iweke, inapunguza upelelezi wa boksi na wa TV yenyewe. Matangazo ya YouTube hayaguswi kabisa, kwa sababu yanashuka kutoka seva zilezile za googlevideo zinazoleta video. Ukizifunga, umefunga vyote.

Wengine watasema choma CoreELEC, mfumo mwingine wa bure wa maboksi ya TV, kwenye kadi ya memori, uondokane na Android iliyooza. Ushauri mzuri, na kwa saa moja hivi nilitaka kuiandika upya hukumu yangu yote, kwamba boksi ni zuri ila roho yake ndiyo mbaya. CoreELEC inakubali chipu za Amlogic tu. Nikabandua miguu ya mpira, nikafungua skrubu nne zilizofichwa chini yake, nikang'oa kile kipande cha bati kilichogandishwa kwa gundi juu ya chipu. Allwinner, chipu ya kampuni nyingine. Kwenye kasha pameandikwa Amlogic kwa wino wa dhahabu.

Nyota moja. Hapana, hata hiyo moja ni ya SmartTube.

Kinachofanya kazi bila kizunguzungu ni laptopu kuukuu yenye Firefox na uBlock Origin, kizuizi cha matangazo cha bure, kisha HDMI mpaka kwenye TV. Firefox, siyo Chrome, maana Chrome imeshaitupa nje uBlock Origin kamili. Google bado itaiona anwani yako ya intaneti, usijidanganye, ila usipoingia na akaunti jina lako halimo. TV nayo itoe kwenye Wi-Fi na uiambie isahau mtandao: watafiti walionyesha mwaka 2024 kwamba TV za Samsung na LG huendelea kutambua kinachoonyeshwa hata kama kinaingia kwa waya wa HDMI. Kwenye setingi za Samsung tafuta Viewing Information Services, kwenye LG tafuta Live Plus, uzizime.

Kwa bando la usiku, yt-dlp (programu ya kushusha video kwa amri) na flashi vinatosha. Amri ni yt-dlp -S res:720,vcodec:h264,acodec:m4a --merge-output-format mp4, kisha kiungo cha video. Usisahau h264, namna ya kubana video ambayo TV za zamani zinaielewa, kwa sababu ukiiacha ichague yenyewe utapata VP9 au AV1, namna mpya zaidi, na TV ya zamani itatoa sauti bila picha. Hakikisha ffmpeg ipo, na siku hizi Deno pia, programu mbili saidizi za yt-dlp, la sivyo baadhi ya video hutaziona. Flashi iumbizwe (format) kwa FAT32, faili lisifike GB 4.

Boksi limerudi kwenye kasha lake na sitamuuzia mtu. Waya wa HDMI uliokuja nalo, lakini, ni mzuri ajabu, mnene, hauchezi kwenye tundu. Ndio nautumia kwenye laptopu.