Ruzuku ya TASAF huku Chamwino, inasaidia ila mawakala waangaliwe

Mama mkubwa ni mnufaika wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaozipa kaya maskini ruzuku ya fedha), na Chamwino hapa Dodoma ilikua kwenye majaribio ya ruzuku hiyo pamoja na Bagamoyo na Kibaha, malipo yakaanza 2010. Kusema ukweli inasaidia sana, hela ni ndogo ila ratiba yake ni kila miezi miwili, akipokea ananunua debe la uwele, madaftari ya wajukuu, inayobaki anaongezea kuku, na utafiti wa yale majaribio nao ulionyesha kaya zilinunua kuku na mbuzi na kukata bima ya CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii). Kinachoniuma ni wakala mmoja wa kulipa ruzuku anawakata wazee elfu moja moja juu ya makato ya kawaida, jamani hiyo si hela ya unga? Watendaji wa vijiji simamieni siku ya malipo.