Umechoka na nywila? Anza kwa kuangalia kitambuzi cha simu

Muuzaji atakusifia kamera na betri. Wewe muulize kidole kinawekwa wapi. Ukishahamia kwenye ufunguo wa siri, ule unaokaa ndani ya simu badala ya nywila ya kukariri, akaunti zako zinafunguliwa kwa kidole au uso, na kitambuzi, yaani kile kinachosoma kidole au uso huo, kikiwa kibovu kitakurudisha kwenye kubonyeza PIN kutwa nzima.

Chaguo langu la kwanza ni kitambuzi kilicho kwenye kitufe cha kuwashia, ubavuni. Hakina makuu, na simu nyingi za bei nafuu zinacho. Unaichomoa simu mfukoni, dole gumba limeshatua penyewe, na skrini iko wazi kabla hujaitazama. Giza si kitu kwake, protekta pia. Kinachokishinda ni maji: ukitoka kuosha vyombo, jifute kwanza.

La pili ni Face ID ya iPhone, iliyoanza na iPhone X mwaka 2017. Inausoma uso kwa umbo lake, hata gizani. Apple wanasema uwezekano wa uso wa mtu baki kuifungua ni 1 kati ya 1,000,000. Kwa kidole, Touch ID, ni 1 kati ya 50,000. Kwa usalama imeshinda. Ila simu ikiwa imelala mezani, unaiinamia kama mtu anayechungulia kisima.

Kitambuzi cha chini ya kioo nakiweka cha tatu. Kinachotumia mawimbi ya sauti ni afadhali. Kinachotumia mwanga kinakumulika macho usiku. Vyote huchagua protekta. Mwaka 2019 kava la silikoni lililofunika skrini ya Galaxy S10 liliifanya ifunguke kwa kidole chochote, hadi Samsung walipotoa marekebisho.

Mkiani kuna uso unaosomwa kwa kamera ya selfi tu. Kwenye simu nyingi za Android unafungua skrini, halafu programu ya benki inaukataa. Pixel 8 ya Google, ya 2023, ni miongoni mwa chache zilizovuka hapo.

Ili ufunguo wa siri ufanye kazi, hakikisha simu ni ya Android 9 au iOS 16 kwenda juu. Sajili kidole hapohapo dukani, ujaribu mara kumi, na dole gumba ulisajili mara mbili. Kama ni simu iliyotumika, uliza iwapo kioo kimewahi kubadilishwa. Kitambuzi cha chini ya kioo huwa hakirudi sawasawa.