Kifaru cha kwanza cha plastiki: boksi lipi ununue ukiwa Malindi au Lamu

Anayetaka kuingia kwenye uundaji wa modeli za plastiki za vifaru vya vita huuliza kwanza: nianze na boksi gani? Jibu langu ni tofauti na la wengi, kwa hivyo nalitanguliza. Nunua la kampuni ya Tamiya, skeli ya 1/35, lenye vipande vichache na mnyororo wa mkanda (yaani ule unaozunguka magurudumu uwe ukanda mmoja laini, si pingili za kuunganisha), na pesa itakayobaki iweke kwenye gundi na rangi. Usikimbilie kidogo cha 1/72 kwa kuwa ni rahisi. Wala usichukue lile boksi kubwa lenye injini na viti vya askari ndani kwa kuwa picha ya juu imekuvutia. Kwa anayeanza, boksi zuri ni lile atakalolimaliza.

Tuanze na skeli, maana ndiyo inayoamua mengine yote. Kwenye 1/35, sentimita moja ya modeli ni sentimita 35 za kifaru chenyewe. Bodi ya kifaru cha Tiger I, yenye urefu wa kama mita 6.3 bila mzinga, inatoka sentimita 18. Kwenye 1/48 inakuwa sentimita 13, na kwenye 1/72 haifiki 9. Mzinga wa T-72 ni wa milimita 125. Tundu lake kwenye 1/35 ni milimita tatu na nusu, unaliona vizuri na brashi inaingia. Kwenye 1/72 halifiki milimita mbili.

Hiyo 1/35 haikutoka kwenye vitabu vya uhandisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tamiya wa Shizuoka, Japani, walitoa modeli ya kifaru cha Panther yenye mota, wakaipa ukubwa wa kutosha kubeba betri zake. Walipokuja kuipima wakakuta ni karibu na 1/35, na watengenezaji wengine wa vifaru wakafuata. Faida yake kwako ni kwamba askari wa kupanga, mapipa, masanduku ya risasi, minyororo ya kubadilisha, vyote utavipata kwa wingi katika skeli hii kuliko nyingine.

Nambari moja: Tamiya 1/35, T-55A au M4 Sherman

Ukinilazimisha nitaje moja tu, ni T-55A. Familia ya T-54 na T-55 imetengenezwa kwa wingi kuliko kifaru kingine chochote duniani, na imepigana si mbali na kwetu: Libya ilipomletea Idi Amin msaada, T-55 zilikuwa Lukaya mwezi wa Machi 1979, katika Vita vya Kagera. Picha za kuigia hutazikosa, na wazee wanaoikumbuka vita ile bado wapo.

Boksi lenyewe limepangwa na watu wanaoijua kazi. Vipande vinakaa mahali pake bila kulazimishwa. Maelekezo ni michoro hatua kwa hatua, kwa hivyo lugha si kikwazo. Kichwa chake cha mviringo, kile kinachobeba mzinga, kina vile vinundu vya chuma kilichomiminwa, vimo kwenye plastiki tayari. Ukipitisha rangi hafifu juu yake vinajitokeza vyenyewe. Huo ni mwanzo unaotia moyo.

Kazi kubwa iko kwenye mnyororo, na hapo ndipo utakapoijua T-55 iliyoundwa vizuri na isiyoundwa vizuri ukiwa mbali na meza. Kifaru hiki hakina vile vigurudumu vidogo vya kuubeba mnyororo upande wa juu. Kina magurudumu makubwa matano kila upande, na pengo pana kati ya la kwanza na la pili. Mnyororo wa chuma, kwa uzito wake, unalala juu ya magurudumu hayo. Mkanda wa plastiki hauna uzito, kwa hivyo unakaa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na kifaru kizima kinaonekana cha kuchezea. Suluhisho ni tone la supa glu juu ya gurudumu la pili, la tatu na la nne, halafu unaukandamiza mnyororo kwa kijiti cha mbao mpaka ushike. Fanya gurudumu moja kwa wakati. Ukiyakimbilia yote kwa pamoja, mkanda utapinda upande. Kisha kiangalie kifaru kwa ubavu: mnyororo uwe unashuka kidogo kila penye nafasi na kupanda tena kwenye gurudumu.

Kama kazi hiyo inakutia wasiwasi, chukua Sherman. Yeye ana vigurudumu vya kubeba mnyororo juu, kwa hivyo mkanda ulionyooka ndiyo hali yake halisi. Nayo ina historia ya Afrika Mashariki, maana jeshi la Uganda lilikuwa na Sherman zilizotoka Israeli. Kuna aina nyingi za Sherman. Kwa boksi la kwanza usijisumbue na tofauti za bodi ya kuchomelea na ya kumimina. Hilo litakuja lenyewe, na likija halitakuachia usingizi.

Nambari mbili: Tamiya 1/48

Hii naipenda kwa mtu anayekaa nyumba yenye nafasi ndogo au anayetaka kupanga vifaru vingi kwenye rafu moja. Rangi inayotumika ni kidogo, na ubora wa vipande ni uleule. Mnyororo wake ni wa plastiki ngumu: kipande kirefu cha juu, kirefu cha chini, na pingili mojamoja za kuzungushia mbele na nyuma. Mlegeo umeshachongwa kwenye kipande cha juu, huna haja ya supa glu wala kijiti.

Kabla hujalipa, uliza bodi ya chini ni ya nini. Maboksi ya mwanzo ya mfululizo huu yana bodi ya chini ya chuma, na gundi ya plastiki haishiki chuma hata kidogo, kwa sababu inafanya kazi kwa kuyeyusha plastiki. Hapo utahitaji supa glu, na uipake praima (rangi ya msingi) ile chuma mapema. Matoleo ya baadaye yana bodi ya plastiki. Ukipata la plastiki kwa bei ileile, chukua hilo.

Nambari tatu: T-72, kwa sababu ya MV Faina

Mtu wa pwani ya Kenya akisema anataka kifaru, aghalabu anakitaka hiki. Meli ya MV Faina ilitekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 2008 ikiwa na vifaru 33 vya T-72 kutoka Ukraine, ikaachiliwa Februari 2009 na kuja kutia nanga Mombasa. Kwa miezi hiyo yote T-72 ilikuwa kwenye kila baraza. Naielewa hamu hiyo na ninayo mwenyewe.

Ukiitaka ikiwa ya kwanza, nunua T-72M1 ya Tamiya. Ni boksi la zamani lakini linaungika kwa utulivu. Magurudumu ni sita kila upande, vigurudumu vya juu vitatu, kwa hivyo mnyororo wa mkanda hauaibishi, na sehemu kubwa ya juu yake hufunikwa na sketi za pembeni. Kwenye maboksi ya umri huo usishangae mkanda ukikataa gundi. Unaunganishwa kwa moto: unapasha ncha ya bisibisi kuukuu, unapitisha vile vipini vya plastiki kwenye matundu yake, halafu unavigusa juu mpaka vilale. Gusa tu na uondoe. Ukikawia, bisibisi inatoboa mkanda.

Zile zenye matofali ya kinga, yanayolipuka kifaru kikipigwa, ziache kwa baadaye. Kila tofali ni kipande chake, unakisafisha, unakipanga kwa mstari na wenzake, na kimoja kikienda upande jicho linakwenda hapohapo. Ni kazi tamu mkono ukishatulia.

Nambari nne: 1/72

Utaambiwa uanze na hii kwa kuwa ni ya bei ya chini. Ni kweli bei ni ya chini, na kwa mtu wa Lamu hata usafirishaji ni mwepesi, boksi linaingia kwenye mkoba. Lakini udogo haurahisishi kazi. Ndoano ya kuvutia kifaru inakuwa ndogo kuliko punje ya mtama, kibano kinairusha, na sakafu inaimeza. Isitoshe, kosa la nusu milimita ambalo kwenye 1/35 halionekani, huku linakaa wazi. Nakiweka kifaru cha 1/72 kuwa cha tatu au cha nne maishani mwako. Hapo utakifurahia, hasa vya Revell na Dragon. Zvezda wao wana vya kubana bila gundi, na hivyo ni vizuri kwa mtoto anayekaa mezani nawe.

Nambari tano: 1/35 zenye kila kitu ndani

MiniArt wa Kyiv, Rye Field, Takom na Meng wanatoa vifaru vyenye injini, redio, rafu za risasi za mzinga na pingili za mnyororo zinazozunguka moja moja. Ni kazi za heshima. Kwa mwenzangu mwenye uzoefu ningeziweka juu kabisa. Kwa anayeanza naziweka mwisho, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake itafungwa ndani na kifuniko, na nimewaona watu wazuri wakiyaacha maboksi haya yakiwa na fremu zinazoshika vipande nusu zimekatwa.

Vile vifaru visivyo na jina la mtengenezaji, vyenye mota na magurudumu ya mpira chini ya bodi, sivipangi popote. Ni vya kuchezea, na vinampendeza mtoto.

Gundi na rangi kwa hewa yetu

Hapa pana jambo ambalo miongozo ya Ulaya haikuambii. Kioevu kinachoshika moto hakiruhusiwi kwenye posta. Gundi nyembamba ya plastiki, thina, rangi za enameli na za lakari (zile zinazochanganywa na thina badala ya maji) zote zimo humo. Kwa hivyo usiziweke kwenye oda ya ng'ambo pamoja na boksi, zisije zikazuia mzigo mzima. Muulize muuzaji wa ndani ya nchi, anayeweza kuzileta kwa barabara. Rangi za maji, kama za Vallejo wa Uhispania, hazina tatizo hilo.

Na hata bila posta ningekuchagulia za maji. Wakati wa masika hewa ya Malindi imejaa unyevu, na lakari ikipuliziwa kwenye hewa hiyo huganda ikiwa na ukungu mweupe. Vanishi isiyong'aa hufanya vivyo hivyo, na kwenye kifaru cha kijani inaonekana kama kimemwagiwa unga. Ukiwa na kazi ya kupuliza, ngojea kaskazi na siku kavu. Kwa brashi ya mkono, Vallejo wanapita bila kuacha mistari ukipaka tabaka mbili tatu nyembamba. Rangi za Tamiya, zinazochanganyika na maji lakini zina alkoholi inayoshika moto, ni nzuri mno kwa brashi ya hewa (ya kupulizia rangi), ila kwa brashi ya mkono tabaka la pili huchubua la kwanza usipongojea likauke sawasawa.

Chupa tano zinatosha kifaru cha kwanza: nyeusi, kijani cha kijeshi, hudhurungi ya udongo, rangi ya mchanga, na kijivu cha chuma kwa mnyororo. Ya mchanga ndiyo itakayokwisha kwanza, maana ndiyo vumbi lako na ndiyo inayokoza pembe za bodi.

Ukitaka kukisimamisha kifaru juu ya ardhi, mchanga wa ufukweni usiutie ulivyo. Una chumvi, na chumvi itavuta unyevu na kutoa unga mweupe juu ya rangi. Usuuze kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa, uanike, kisha uuchekeche kwa kitambaa chepesi. Mchanga wa Malindi pia unametameta, na ule mmeto unakisaliti kifaru kwamba ni kidogo, kwa hivyo lazima upakwe rangi. Wa vilima vya Shela ni laini zaidi na unakubali skeli ya 1/35 vizuri. Kitako cha mbao, wa Lamu mna bahati: fundi wa vyombo hakosi kipande cha mbao ngumu kilichobaki, na akijua ni cha kuwekea kazi ya mkono atakipiga randa kwa moyo mmoja.

Nunueni pamoja

Mtu mmoja akiagiza boksi moja kutoka ng'ambo, nauli inaweza kukaribia bei ya boksi, na juu yake kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Watu wanne wakiagiza kwa pamoja wanagawana nauli. Kuna vitu ambavyo kila mmoja hana haja ya kuwa na chake: koleo ya kukatia vipande, brashi ya hewa na pampu yake, msasa wa namba za juu, chupa ya supa glu. Nunueni kimoja kizuri cha meza nzima badala ya vinne hafifu. Kisu na brashi za mkono, hivyo kila mtu awe na vyake, kwa sababu kila mkono unavizoesha kwa namna yake.

Wa Lamu, mzigo ukifika Mokowe bado una safari ya boti, na rasharasha ya maji ya chumvi hupenya katoni. Mwambieni anayeutuma aufunge ndani ya nailoni kabla ya katoni. Mkiupokea, toeni stika za maji (zile za namba na alama, zinazolowekwa kabla ya kubandikwa) kwenye boksi siku hiyohiyo, muzitie kwenye mfuko wa kufunga pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Stika zikiachwa kwenye unyevu huwa za manjano na kuvunjika zikigusa maji, na namba za ubavuni ndizo kitu cha mwisho kuwekwa kwenye kifaru kilichokwisha kupakwa rangi.