Chati ya namba 1 mpaka 100: mwezi mmoja wa kuchekecha namba tasa

Binti yangu wa darasa la tano alikuwa anaamua namba tasa, ile inayogawanyika kwa namba mbili tu, 1 na yenyewe, kwa kuitazama tu. Ikiwa witiri na haiishii na 5, kwake ni tasa. 51 tasa, 57 tasa, 91 tasa. Mwezi uliopita nikamnunulia Kariakoo chati ya namba 1 mpaka 100, shilingi 6,000, ile yenye nailoni ngumu juu: unaandika kwa kalamu ya ubao mweupe, kisha unafuta.

Kule kufuta ndiko kulikonifurahisha, maana anakosea na kuanza upya bila kuharibu kitu. Jioni ya kwanza tulipiga chekeche la Eratosthenes, Mgiriki aliyetunza maktaba ya Aleksandria karne ya 3 kabla ya Kristo. Tukaikata 1 kwanza. Tukaiacha 2, tukakata vigawe vyake vingine vyote: 4, 6, 8 na kuendelea. Tukafanya hivyo kwa 3, kwa 5, kwa 7. Chati ina safu kumi, kwa hiyo vigawe vya 2 na vya 5 vinashuka wima, vya 3 vinakwenda mshazari. Tulipofika 7 zilikuwa zimebaki tatu tu za kukata: 49, 77 na 91. Ile 91 aliikata mwenyewe, 7 mara 13, akabaki anaitazama.

Akauliza mbona vya 11 hatukati. Nikamwambia azidishe 11 kwa 11. Akapata 121, nje ya chati. Vigawe vya 11 vilivyo chini ya hapo vilishakatwa na namba ndogo. Zilizosalimika akazihesabu: 25.

Sasa kasoro. Nyuma wamechapa orodha ya namba tasa, na imeanza na 1! Hili limenikera sana, kwa sababu mtoto huamini kilichochapwa kuliko anachoambiwa na mama. Namba tasa ina vigawo viwili kamili, 1 na yenyewe. 1 ina kigawo kimoja tu, basi haimo. Nimeifuta kwa wino usiotoka. Nailoni nayo imeanza kubanduka pembeni, lakini hilo navumilia.

Siku hizi tumejichorea nyingine kwenye manila, safu sita. Ukiondoa 2 na 3, tasa zote zinaangukia chini ya 1 au chini ya 5. Watengenezaji wakiichapa hiyo nyuma badala ya ile orodha, nitanunua ya pili kwa ajili ya mdogo wake.